Sensa ya joto ikisumbua: uisafishe, ununue mpya orijino, mpya ya bei poa au mtumba?

Gari letu ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ, na wenye IST au Vitz wanajua kuwa magari haya hayana mshale wa joto kwenye dashibodi. Kuna taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi, na nyekundu inayowaka mambo yakishaharibika. Mwaka jana ile ya bluu ilianza kuchelewa kuzimika. Mwanzo ilizimika tukifika Mwenge, baadaye ikawa inatusindikiza mpaka shuleni kwa watoto ingali inawaka. Mafuta ya wiki nzima yakawa yanaishia Alhamisi. Ukizima gari likiwa la moto na kuliwasha dakika kumi baadaye, linakohoa na kutoa moshi wenye harufu kali ya petroli.

Fundi wa kwanza alitoa plagi, zikawa nyeusi tii, akaweka mpya. Baada ya wiki mbili na hizo zikawa nyeusi. Wa pili alitaka kubadilisha nozeli zinazopuliza petroli. Wa tatu, mzee wa umeme wa magari, hakugusa plagi wala nozeli. Alichomoa soketi ndogo ya pini mbili ubavuni mwa silinda hedi, yaani kichwa cha injini, akaigeuza juani. Pini moja ilikuwa imeota unga wa kijani.

"Mwanangu, kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, inaambiwa injini ina baridi, nayo inazidi kuimiminia mafuta. Usinunue kitu kwanza."

Ushauri huo umeniokolea pesa tangu siku ile, kwa sababu neno "sensa" likishatajwa gereji, mkono wa fundi unaenda moja kwa moja kwenye simu kuulizia bei ya spea. Kumbe mbele yako kuna njia nne: kusafisha iliyopo, kununua mpya orijino, kununua mpya ya kampuni usiyoijua, au kuchukua mtumba uliotoka kwenye injini ya Japani. Nimepita kwenye zote nne, na jibu halifanani kwa kila sensa.

Unga wa kijani unafanya nini

Ndani ya sensa ya joto la maji ya injini kuna kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka joto linapopanda. Kontroli boksi hupeleka volti 5 kwenye waya, halafu husoma kiasi kilichobaki na kukibadili kuwa nyuzi za joto. Kwenye Toyota nyingi, maji yakiwa nyuzi 20 sensa isiyo na kasoro hupima kati ya omu 2,300 na 2,600 (omu ni kipimo cha ukinzani). Yakifika nyuzi 80 hupima omu 320 hivi tu.

Sasa tuseme kutu ya kwenye pini imeongeza omu 1,000. Asubuhi huoni tofauti kubwa, kwa kuwa sensa yenyewe ina omu karibu elfu mbili. Lakini injini ikifika nyuzi 90, sensa ina omu 240 hivi, na kutu inaongeza zaidi ya mara nne ya hizo. Kontroli boksi inasoma chini ya nyuzi 40. Inaamini injini bado ya baridi, inaongeza petroli, na taa ya bluu haizimiki.

Kilichonitisha zaidi ni feni. Kwenye IST feni ya rejeta inasubiri amri ya kontroli boksi, na kontroli boksi inayodhani maji ni ya vuguvugu haitoi amri. Tulikuwa tumesalimika kwa sababu tunawasha AC kila siku, na AC ikiwaka feni inazunguka pamoja nayo. Siku moja ya mvua tungezima AC kwenye foleni ya Ubungo, tungeunguza gasketi ya silinda hedi tukiwa na watoto nyuma.

Taa ya cheki injini haikuwahi kuwaka muda wote huo. Kwa kawaida kontroli boksi hulalamika pale waya unapokatika kabisa au unapogusana, si pale inapopewa namba ya uongo inayowezekana kuwa kweli.

Kwanza ujue ni sensa ipi

Magari ya zamani kidogo, kama Corolla 110 na Carina zenye injini za 5A na 7A, yana sensa mbili za maji. Ya waya mmoja inapeleka habari kwenye mshale wa dashibodi, ya waya mbili inapeleka kwenye kontroli boksi. Kando yake kuna swichi ya feni, ambayo ni kitu cha tatu. Kwa hiyo mshale unaweza kukaa vizuri kabisa huku injini inakunywa mafuta, au mshale ukalala huku injini ni nzima. Nimeona mtu akinunua ya waya mmoja mara mbili wakati mgonjwa alikuwa wa waya mbili. Kwenye magari mapya sensa moja inafanya kazi zote, na dashibodi inapata habari kupitia kontroli boksi. Ndugu zetu wa Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, hukutana na mpangilio huu mpya zaidi. Huku Dar injini za 5A bado zipo barabarani.

Nyingine ni sensa ya hewa inayoingia kwenye injini. Kwenye injini nyingi za Toyota za VVT-i imo ndani ya sensa ya kupima hewa, pale baada ya boksi la ea klina, yenye soketi ya pini tano. Ipo pia ya hewa ya nje, nyuma ya bampa la mbele, kwenye magari yenye AC ya kujiendesha yenyewe. Ipo ya kwenye evaporeta ya AC, kile kipoza hewa kilichofichwa ndani ya dashibodi. Na ipo ya oili ya gia boksi ya otomatiki.

Kupima: simu, multimita, au sufuria

Kifaa cha OBD cha bluutuu, kinachosoma kompyuta ya gari na kuunganishwa na simu, ndicho rahisi kuliko vyote, na kipimo chake bora hakihitaji utaalamu. Gari likilala usiku kucha, asubuhi kabla ya kuwasha injini washa swichi tu na usome joto la maji na joto la hewa. Yanatakiwa yakaribiane, na yote mawili yakaribiane na joto la asubuhi hiyo. Dar ikiwa nyuzi 27, halafu maji yanasomeka 12 na hewa 28, umeshamjua muongo. Shida ni kwamba magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzoni mwa 2000 hayajibu vifaa hivi vya bei ndogo, hivyo utahitaji fundi mwenye mashine kubwa.

Ukiwa na mashine, pima na waya. Chomoa soketi ya sensa ya maji: namba ishuke mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Halafu unganisha pini mbili za upande wa waya kwa kipande kifupi cha waya: namba ipande hadi 140 au zaidi. Ikifanya hivyo, waya na kontroli boksi ni vizima, na ugonjwa uko kwenye sensa au kwenye mguso wa pini. Isipofanya hivyo, hata sensa ya dhahabu haitakusaidia. Jaribio hili huchukua dakika mbili na limeokoa pesa nyingi kuliko jingine lolote ninalolijua.

Kuhusu namba za makosa, P0118 maana yake mzunguko wa sensa ya maji umekatika, P0117 umegusana. Kwa sensa ya hewa, P0113 ni kukatika na P0112 ni kugusana. P0128 watu wengi huisoma vibaya: inasema injini haifikii joto lake, na mara nyingi mwenye kosa ni thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) iliyobaki wazi, au thamostati ambayo fundi fulani aliitoa na hakuirudisha. Kununua sensa kwa ajili ya P0128 mara nyingi ni kumpa dawa asiyeumwa. Jua pia kwamba kosa la sensa ya maji likishaandikwa, kontroli boksi ya Toyota huacha kuiamini na kuchukulia kuwa maji ni nyuzi 80. Kwa hewa huchukulia nyuzi 20. Ndiyo maana gari linaendelea kutembea, ila asubuhi linasumbua kuwaka.

Sensa ikishatoka, multimita ya bei ndogo na jiko vinatosha. Hapa pwani huhitaji hata kipimajoto, maana maji yenye barafu iliyopondwa ni nyuzi 0 na maji yanayochemka ni nyuzi 100. Nilifunga waya mbili kwenye pini, nikatumbukiza ncha ya shaba tu, soketi ikabaki juu ikiwa kavu. Kwenye bakuli la barafu multimita ilitulia kwenye 5,800. Kwenye sufuria inayotokota ilishuka mpaka 187. Barafu itoe kati ya 5,000 na 6,000 hivi, maji yanayochemka yatoe chini kidogo ya 200. La muhimu kama namba zenyewe ni jinsi zinavyoshuka: zishuke mfululizo maji yanapopata moto, bila kuruka wala kukatika. Sensa inayoruka ghafla kutoka 900 hadi kusikosomeka kitu, kisha ikarudi, imekufa hata kama ncha zote mbili za kipimo ziko sawa. Walio Arusha wakumbuke kwamba kwao maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo namba ya mwisho itakuwa juu kidogo.

Kusafisha au kubadilisha?

Kwa sensa ya maji, kinachosafishika ni soketi, na ncha ikiwa na magadi. Kutu ya kijani hutoka kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia soketi za umeme na brashi laini ya meno. Usikwangue pini kwa msasa, unaondoa madini yaliyopakwa juu na kutu itarudi kwa kasi. Pini ya upande wa waya ikiwa imelegea, ikazwe kwa sindano nyembamba mpaka ishike. Sisi tulio karibu na bahari, na tunaooshea injini kwa mashine ya presha kwenye kaa woshi, tuna soketi nyingi zaidi zilizooza kuliko sensa zilizokufa. Ukimwambia kijana wa kaa woshi asipige maji kwenye injini, umeshafanya matengenezo makubwa kuliko kubadilisha sensa.

Magadi kwenye ncha yanatokana na kujaza rejeta kwa maji ya kisima. Yanaifunika shaba, na sensa inachelewa kuhisi joto. Loweka ncha kwenye siki kwa nusu saa, suuza, pima tena. Lakini ukiona magadi hapo, jua yamo pia ndani ya rejeta. Kusafisha sensa huku unaendelea kujaza maji hayo ni kazi bure. Weka kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, iliyochanganywa tayari. Ile ya pinki ya Toyota inayodumu muda mrefu imepangiwa kubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000 na baadaye kila 80,000, na kwa gari la mtumba usilolijua historia yake anza kuhesabu siku unayoiweka wewe.

Kwa sensa ya hewa iliyo ndani ya kipima hewa, kusafisha kunashinda kwa mbali. Dawa yake maalumu ipo, hupulizwa bila kugusa waya zile nyembamba, kisha unaiacha ikauke yenyewe. Dawa ya kusafishia kabureta na ya breki usizipeleke pale. Na usichokonoe kwa pamba ya masikio, kama nilivyoona ikifanywa.

Kusafisha kunashindwa pale plastiki ya soketi imepasuka, sensa inavuja kwenye uzi wa kufungia, au namba zinaruka. Yetu ilikaa miezi minane baada ya kusafishwa, ndipo kola ya plastiki ilipovunjika fundi alipokuwa akichomoa soketi kwa ajili ya kazi nyingine. Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea.

Orijino mpya, mpya ya bei poa, na mtumba juu ya meza moja

Muuzaji wa kwanza alinipa ya bei poa kwenye kiboksi chekundu kisicho na jina la maana. "Dada, hii orijino kabisa, Japani." Nilikuwa na multimita kwenye mkoba. Nilimwomba nipime kabla ya kulipa, naye alikubali. Duka lilikuwa na joto la nyuzi 30 hivi, na sensa nzima ya Toyota kwenye joto hilo inatakiwa kusoma kati ya omu 1,600 na 1,700. Yake ilisoma 2,240. Maana yake kontroli boksi ingeona nyuzi 22 badala ya 30. Si kosa la kusimamisha gari, lakini ningekuwa nimetoa pesa kununua uongo mdogo kuchukua nafasi ya uongo mkubwa.

Duka la pili walikuwa na orijino mpya na mtumba. Orijino ilisoma 1,660. Mtumba, uliokatwa kwenye injini ya 1NZ ukiwa na soketi yake na kipande cha waya, ulisoma 1,640. Nikafumbata kila moja kwenye kiganja. Namba zote mbili zilianza kuteremka polepole, 1,600, 1,550, 1,500, bila kuruka. Ile ya kiboksi chekundu, nilipoifumbata kule duka la kwanza, ilikaa pale pale kwa muda kisha ikashuka kwa mkupuo. Jaribio la kiganja linafanyika hapo hapo kaunta, halimwudhi muuzaji mkweli, na linakuonyesha kitu ambacho boksi na stika haviwezi kukuonyesha.

Kwa hiyo ukizilinganisha kwa sensa ya maji: orijino mpya ni ya kwanza, bila ubishi. Inakuja na gasketi yake, plastiki yake haijapikwa na joto la injini miaka 15, na bei yake, ingawa inazidi sana ya bei poa, ni ndogo ukiiweka kando ya gasketi ya silinda hedi. Ikumbukwe sensa hii ndiyo inayowasha feni. Namba za spea za Toyota kwa sensa hii huanza na 89422, kwa hiyo soma namba iliyo kwenye boksi na uilinganishe na ya gari lako. Usikubali kauli ya "hii inaingia zote". Uzi unaweza kuingia, soketi ikagoma.

Ya pili, kwa maoni yangu, ni mtumba wa orijino uliopimwa, na wala si mpya ya kampuni isiyojulikana. Najua wengi hawatakubali, kwa sababu neno "mpya" lina utamu wake. Lakini mtumba umeshafanya kazi miaka kadhaa kwenye injini na bado unasoma sawa, wakati mpya ya bei poa haijathibitisha lolote. Kinachoudhoofisha mtumba ni plastiki iliyokauka na gasketi iliyobanwa tayari. Gasketi nunua mpya. Plastiki ijaribu kwa kucha: ikimeguka, iache. Faida moja ya mtumba ambayo orijino mpya haina ni ule mkia wa waya na soketi. Kama soketi ya upande wa gari lako imeoza, huo mkia ndio unaouhitaji kuliko sensa.

Zipo kampuni nyingine zinazotengeneza sensa nzuri, na Denso inayoisambazia Toyota huuza pia kwa boksi lake yenyewe. Hiyo naihesabu pamoja na orijino, ikipita kwenye kiganja. Sheria yangu ni moja kwa zote: isiyopimwa hainunuliwi.

Sensa nyingine, uamuzi mwingine

Kwa kipima hewa chenye sensa ya hewa ndani yake, mtumba wa orijino ni bora mara nyingi kuliko nakala mpya. Nakala inaweza kutoa joto sahihi la hewa lakini ikakosea kiasi cha hewa, na gari likakosa silensi (mngurumo uliotulia likiwa limesimama), ukazunguka gereji ukitafuta ugonjwa ambao umeununua mwenyewe.

Ya hewa ya nje, nyuma ya bampa, weka yoyote. Ikikosea, AC yako itajipanga vibaya kidogo na dashibodi itaonyesha joto la ajabu. Hiyo ndiyo hasara yote. Mara nyingi wala haijafa, imechomoka tu baada ya bampa kugongwa.

Ya evaporeta ipime kwa kazi, si kwa bei ya spea. Sensa yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele kwenye waya. Ikifa, evaporeta inaganda barafu na upepo wa AC unakata baada ya nusu saa ya safari, au kompresa haishiki kabisa. Lakini kuifikia kunaweza kudai kushusha nusu ya dashibodi. Mahali penye kazi ya siku nzima, usiokoe pesa kwenye spea. Weka orijino mpya, maana hutaki kurudi humo. Ya gia boksi ni hivyo hivyo, na hiyo mwachie fundi wa gia boksi za otomatiki.

Ufunge mwenyewe au fundi?

Sensa ya maji kwenye Toyota nyingi ndogo inafungwa na mtu yeyote mwenye subira na boksi spana ndefu namba 19. Unachomlipia fundi ni mkono, na mkono wenyewe ndipo penye hatari: silinda hedi ni ya alumini, na nguvu inayotakiwa ni 20 tu kwa kipimo cha nyutoni mita. Hiyo ni nguvu ya kukaza kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Fundi mwenye haraka na mpini mrefu atakata uzi, na hapo umehama kutoka kwenye sensa hadi kwenye silinda hedi. Kama fundi wako anakaza kila kitu mpaka kilie, fanya mwenyewe.

Injini iwe baridi kabisa, ya kulala usiku. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa na moto, hata kama fundi anakuhakikishia kwa kitambaa. Mfumo ukiwa umefungwa maji yako chini ya presha na hayachemki kwa nyuzi 100. Ukifungua, presha inaondoka na yanachemka papo hapo, usoni mwako.

Andaa sensa mpya na gasketi yake mkononi, fungua ya zamani, ziba tundu kwa kidole, ingiza mpya. Kulanti inayomwagika haizidi kikombe ukiwa mwepesi. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usiizungushe kwenye uzi. Gasketi ndiyo inayoziba, na kwenye sensa ya waya mmoja umeme unarudi kupitia uzi wenyewe, tepu inaweza kuukatiza na mshale wa dashibodi ukalala.

Kisha jaza kulanti na utoe hewa, na hapa ndipo kazi nzuri nyingi zinapoharibika. Sensa inahisi maji yaliyoizunguka. Ikizungukwa na mfuko wa hewa, au maji yakipungua mpaka ikabaki hewani, inaweza kusoma joto la chini huku chuma cha injini kinaungua. Gari linalochemsha na mshale uliotulia si muujiza, ni maji yaliyokwisha. Washa injini mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, hita ya ndani ikiwa kwenye moto wa juu, uongeze kulanti kadiri mapovu yanavyotoka, na ufunge maji yakianza kupata moto.

Njia mbili za mkato utakazopewa

Mafundi wengi, gari likisumbua joto, hushauri feni ifungwe dairekti ili izunguke muda wote, au thamostati itolewe. Nimelinganisha hizo pia, kwa sababu ni za bei ndogo kuliko sensa yoyote. Feni ya dairekti inakuficha ugonjwa: sensa inaendelea kudanganya, mafuta yanaendelea kwenda, na mota ya feni iliyotengenezwa kupumzika inazunguka bila kupumzika. Kama uko safarini Chalinze na jua limekaza, ifunge ufike nyumbani. Kesho yake irudishwe.

Thamostati kuitoa sioni siku inayofaa. Ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na bila hiyo injini inatembea ya baridi barabara nzima ya Bagamoyo. Kontroli boksi inaongeza petroli, safari hii kwa haki, maana injini ni ya baridi kweli. Unarudi kwenye plagi nyeusi na mafuta ya Alhamisi, ukiwa na sensa nzima kabisa ambayo mtu atakuambia uibadilishe.

Ukimaliza kufunga, zima AC, acha injini iungurume mahali pamoja mpaka feni iwake yenyewe na izime yenyewe, mara mbili. Taa ya bluu itakuwa imezimika zamani. Asubuhi yake, kabla ya kuwasha, angalia kiwango cha kulanti kwenye chupa ya akiba na pitisha kidole chini ya sensa. Kikitoka kikavu, funga boneti uwapeleke watoto shule.